Gundi Isiyoganda: Maelezo juu ya Uunganishaji wa Viwambo Vinavyokunjika

Katika mazungumzo ya kila siku neno gundi huandamana na neno kuganda, hata mtu aweza kudhani ya kuwa moja limezaliwa na jingine. Seremala hupaka gundi, hubana mbao zake, kisha husubiri. Gundi ikisha kuganda, kazi imekwisha, na mbao mbili zimekuwa moja. Fikira hiyo ni sahihi kwa meza na kwa kiti. Walakini iko kazi moja ya siku hizi ambayo fikira hiyo haiifai hata kidogo, nayo ni kazi ya kuunganisha viwambo vya kielektroni vinavyokunjika, yaani nyuso zenye kutoa nuru na picha katika simu za mkononi zinazofunguliwa na kufungwa kama kitabu. Gundi ya viwambo hivyo haitakiwi kuganda kamwe. Hutakiwa kushika bila ya kufunga, na kulegea bila ya kuachia. Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi gundi hiyo inavyobuniwa na sababu zake. Kisha kuyatazama maneno ambayo Kiswahili kinayo kwa jambo hili, kwa kuwa mwenye kutumia neno lisilofaa hapa hakosi lugha tu, bali aweza kukiharibu na chombo chenyewe.

Simu za namna hii zilianza kujulikana mwishoni mwa mwaka 2018, kampuni ya Royole ya China ilipotangaza simu yake iitwayo FlexPai. Mwaka 2019 zikafuata Galaxy Fold ya Samsung, kampuni ya Korea ya Kusini, na Mate X ya Huawei, kampuni ya China. Ile ya kwanza hukunjwa kiwambo kikiwa ndani, na ile ya pili hukunjwa kiwambo kikiwa nje. Mwaka 2020 Samsung ikatoa Galaxy Z Flip, ambayo kiwambo chake kilifunikwa kwa kioo halisi chenye unene wa maikromita 30, yaani sehemu 30 za milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Kioo chembamba kiasi hicho hupindika kama karatasi.

Yafaa msomaji ajue kwamba kiwambo si kitu kimoja, bali ni matabaka mengi yaliyolazwa moja juu ya jingine. Mpangilio hutofautiana baina ya simu na simu, lakini kwa kawaida juu kabisa pana utando wa plastiki wa kukinga. Chini yake pana kioo chembamba, au plastiki angavu iitwayo poliimidi. Kisha tabaka la kuchuja nuru ili mng'ao wa jua usiifiche picha. Kisha tabaka lenye kuhisi mguso wa kidole. Kisha tabaka lenyewe litoalo nuru. Na mwisho bamba jembamba la kuyaegemeza yote. Kati ya tabaka na tabaka hulazwa gundi. Gundi hii haipakwi kwa brashi. Hutengenezwa kiwandani kama utando, ambao mara nyingi una unene wa maikromita 25 hadi 50, ukahifadhiwa baina ya karatasi mbili laini. Karatasi hizo hubanduliwa wakati wa kazi, na utando ukabanwa mahali pake. Hunata kwa kubanwa tu, pasipo maji, wala moto, wala kukauka.

Mtu aweza kuuliza: Kwa nini matabaka hayo yasiachwe bure, yakalaliana pasipo gundi, maana huko ndiko kungalikuwa kukunjika kwepesi kuliko kote? Jawabu la kwanza ni nuru. Nuru inapotoka katika kioo na kuingia hewani, au inapotoka hewani na kuingia katika kioo, karibu sehemu 4 katika 100 hurudishwa nyuma. Nafasi moja ya hewa ina nyuso mbili; nafasi tatu zina nyuso 6. Nuru ikipita nyuso 6 za namna hiyo, zilizosalia ni kama sehemu 78 katika 100, na zile nyingine zimegeuka mng'ao wa kuudhi jicho. Gundi angavu huijaza nafasi hiyo. Kwa kuwa kiwango chake cha kupinda nuru hukaribia sana kile cha kioo, ambacho ni karibu 1.5, nuru hupita kana kwamba haina mpaka inaouvuka. Ndiyo maana gundi hii hapana budi iwe safi kama maji ya chemchemi, isiwe na povu wala vumbi, wala isigeuke rangi ya manjano baada ya miaka ya kupigwa na jua. Jawabu la pili ni kwamba matabaka yasiyoshikwa hayakai mahali pake. Huhama, huinuka na kukunjamana.

Basi gundi ni lazima iwepo. Hapo ndipo shida kubwa inapoanza, na shida hiyo yaeleweka kwa hesabu nyepesi. Bamba lolote likipindwa, upande wa nje huvutika na upande wa ndani hubanwa. Katikati pana mstari mmoja usiovutika wala kubanwa. Kiasi cha kuvutika kwa upande wa nje hupatikana kwa kuugawanya unene wa bamba kwa mara mbili ya nusu kipenyo cha mpindo. Tuseme matabaka yote kwa jumla yana unene wa milimita 0.3, nayo yamekunjwa kwa nusu kipenyo cha milimita 1.5. Kama yameshikana kabisa hata yakawa bamba moja, upande wa nje utavutika kwa sehemu 10 katika 100. Plastiki laini huweza kustahimili hayo, lakini vitu vikavu vilivyomo ndani ya kiwambo haviwezi. Tando nyembamba za madini zinazopitisha umeme, na zile zinazouzuia unyevu usilifikie tabaka la nuru, hupasuka zikivutwa kwa sehemu moja au mbili tu katika 100.

Sasa tuyatazame matabaka hayo hayo yakiwa kila moja limepewa ruhusa ya kupinda peke yake. Kioo cha unene wa milimita 0.03, kikipindwa kwa nusu kipenyo kile kile, huvutika kwa sehemu moja tu katika 100. Tofauti ya 10 na 1 ndiyo tofauti ya kuvunjika na kusalimika. Mfano wake twaona katika daftari: daftari la kurasa 100 hukunjika kwa mkono wa mtoto, na ukilitazama pembeni waziona kingo za kurasa zimepangana mshazari, kila ukurasa umeteleza kidogo juu ya mwenziwe. Ukizipaka kurasa hizo zote gundi ya seremala, ukaiacha igande, hutakuwa na daftari tena. Utakuwa na ubao, na ubao ukilazimishwa kukunjika huvunjika.

Kwa hiyo kazi kubwa ya gundi katika kiwambo kinachokunjika si kuyafunga matabaka, bali ni kuyapa nafasi ya kuteleza huku ikiyashika. Kiasi cha mtelezo huo nacho hukadirika. Matabaka mawili ambayo vitovu vyake vimeachana kwa milimita 0.1, yakikunjwa hata pande mbili zikakutana, hutofautiana urefu wa njia kwa 0.1 mara 3.14, yaani kama milimita 0.31, wala haidhuru mpindo uwe mwembamba au mpana. Tofauti hiyo ikigawanywa pande mbili, kila upande hupata milimita 0.16. Gundi iliyo katikati ina unene wa milimita 0.05 tu, basi, kama matabaka yangeachiwa yateleze kwa ukamilifu, uso wake wa juu ungeuacha uso wake wa chini kwa mara 3 ya unene wake. Hali hii, ambayo kitu hakivutwi juu wala hakibanwi chini, bali uso mmoja wasukumwa huku na mwingine kule, twaweza kuiita kwenda upogo. Katika simu halisi gundi hushindana na mtelezo na matabaka huvutika kidogo, kwa hiyo upogo hupungua kuliko hesabu hiyo ya upeo. Hata hivyo hubaki ni mkubwa mno, nao hurudiwa kila simu inapofunguliwa na kufungwa. Samsung ilisema kwamba Galaxy Fold ilijaribiwa kwa kukunjwa mara 200,000. Kwa mtu anayeifungua simu yake mara 100 kila siku, hiyo ni zaidi ya miaka mitano.

Hapo mbunifu wa gundi hukutana na matakwa mawili yanayogombana. Kwa ajili ya mtelezo, gundi iwe laini. Kwa ajili ya kushika, isiwe laini mno hata ikatiririka. Katika miaka ya 1960, Carl Dahlquist wa kampuni ya 3M huko Marekani aliweka kanuni ambayo wataalamu wa gundi huitaja hata leo: gundi ya kubana hainati vyema ikiwa kipimo chake cha ugumu kimezidi paskali 300,000 hivi, kwa sababu haiwezi kujilaza katika vijishimo vya uso inaoshikishwa. Kipimo hicho kwa kioo ni karibu paskali 70,000,000,000. Maana yake ni kwamba kioo ni kigumu kuliko gundi hiyo kwa zaidi ya mara 200,000. Gundi ya viwambo vinavyokunjika hutakiwa ibaki chini ya mpaka huo wa Dahlquist hata katika baridi kali.

Lakini ulaini peke yake hautoshi, kwa kuwa kuna laini mbili. Asali ni laini, na mpira ni laini. Asali ukiisukuma huenda wala hairudi; mpira ukiuvuta hunyumbuka, na ukiuachia hurudi. Gundi hii ina tabia zote mbili. Wakati wa kubandikwa yafaa iwe na mnato wa asali, ili ienee na kujaza kila pengo. Wakati wa kukunjwa yafaa iwe na unyumbufu wa mpira, ili ikifunguliwa irudi mahali pake. Simu aghalabu hukaa imekunjwa usiku kucha mfukoni au mezani. Ikiwa mnato umeushinda unyumbufu, gundi husogea polepole usiku huo, na asubuhi simu ikifunguliwa matabaka hayarudi sawasawa. Pale katikati hubaki alama ya mkunjo. Unyumbufu nao ukizidi kipimo, gundi hurudisha nguvu nyingi mno kwenye kingo, na huko huanza kubanduka.

Mizani hii hupimwa katika kemia. Gundi nyingi za namna hii ni za akriliki, nazo ni polima, yaani molekuli ndefu kama nyuzi zilizosokotana. Nyuzi hizo zikiachwa bila vifungo, mnato hutawala. Zikifungwa kwa vifungo vingi, gundi hukakamaa. Mbunifu huchagua nyuzi ndefu zenye vifungo vichache vilivyoachana mbali, ambavyo mara nyingi hufungwa kwa nuru ya urujuanimno, ili kila uzi upate nafasi ya kunyooka sana kabla ya kuzuiwa. Huweza pia kutia kiasi kidogo cha asidi ya akriliki, ambayo huongeza nguvu ya kushika; lakini asidi hiyo huongeza ukakamavu, tena huzila njia nyembamba za umeme ambazo gundi huzigusa. Kwa sababu hiyo gundi nyingi za viwambo hutengenezwa pasipo asidi, na nguvu ya kushika ikatafutwa kwa njia nyingine.

Adui mkubwa kuliko wote ni baridi. Kila polima ina kiwango chake cha kukakamaa, yaani joto ambalo chini yake nyuzi haziwezi tena kujongea, na kitu kilichokuwa laini kikawa kama kioo. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Nao walisema kweli hata kwa polima, kwa kuwa samaki mkavu na gundi iliyokakamaa hukataa kukunjwa kwa namna moja. Polima za akriliki zinazopendwa katika kazi hii hukakamaa katika nyuzi 50 hadi 70 hivi chini ya sifuri kwa kipimo cha Celsius, na polima ya asidi ya akriliki hukakamaa katika nyuzi 100 hivi juu ya sifuri. Ndiyo maana hata chembe chache za asidi hubadili tabia ya gundi nzima. Tena ukakamavu hauji kwa ghafula. Gundi huanza kuwa ngumu mapema, joto lingali juu ya kiwango hicho. Na mtu akiikunja kwa haraka, huwa ngumu zaidi, kwa kuwa nyuzi hazipewi muda wa kujongea. Kwa sababu hiyo viwambo hujaribiwa katika nyuzi 20 chini ya sifuri, na vilevile katika nyuzi 60 juu ya sifuri penye unyevu mwingi, maana huko gundi hulegea na mapovu huzaliwa. Silikoni hukakamaa chini kabisa, karibu nyuzi 120 chini ya sifuri, na ugumu wake haubadiliki sana baina ya baridi na joto. Lakini kwa kawaida hushika kwa nguvu ndogo kuliko akriliki, tena ni ghali. Hakuna iliyo na sifa zote. Kila gundi ni mapatano.

Tukio la mwaka 1919 halituhusu, wala la zama za mbali. La mwaka 2019 latosha kuonyesha jinsi jambo hili lilivyo la hatari. Mwezi wa Aprili mwaka huo Samsung iliwapa waandishi wa habari simu za Galaxy Fold wazijaribu kabla ya kuuzwa. Baada ya siku chache baadhi ya simu hizo ziliharibika. Baadhi ya waandishi waliuona utando wa juu, wakaudhani ni ule utando wa muda ambao kila mnunuzi huubandua simu ikiwa mpya; wakaubandua, na kiwambo kikafa. Kumbe utando huo ulikuwa kiungo cha mwili wenyewe. Mauzo yaliahirishwa hadi mwezi wa Septemba, na utando ukarefushwa hata kingo zake zikafichwa chini ya fremu, mtu asipate pa kuingiza ukucha. Twaona hapa kwamba kosa halikuwa la mikono tu. Lilikuwa kosa la kutofautisha kilichobandikwa na kilichoambatana.

Tofauti hiyo Kiswahili kinayo tayari, nacho kimeiweka katika sarufi yake. Wanasarufi, miongoni mwao E. O. Ashton katika kitabu chake cha mwaka 1944, wamekwisha kuonyesha kwamba vitenzi vyenye mwisho wa -ta, kama vile kamata, fumbata na ambata, huonyesha mguso usioachia. Na kwamba vile vya mwisho wa -ma, kama vile inama, kwama na gandama, huonyesha hali iliyotulia isiyosogea. Kugandama na kuambata, basi, si jambo moja. Kilichogandama kimesimama, kilichoambata chaweza kusogea pamoja na kile kilichokiambata, wala kisiachane nacho. Hali kadhalika mwisho wa -ua hutengua: bandika na bandua, kunja na kunjua. Kitu kinachokunjwa na kukunjuliwa hurudi, kilichokunjamana hakirudi. Mhandisi hutumia hesabu ndefu kuuweka mpaka baina ya kukunjika na kukunjamana, nasi twauweka kwa silabi moja au mbili.

Tena tunalo neno ulimbo, utomvu wa kunasia ndege. Ulimbo haukauki upesi. Hushika kwa kuguswa tu. Ukivutwa hufanya nyuzi, hulegea wala hauachii. Kwa tabia uko karibu zaidi na gundi ya kiwambo kuliko gundi yo yote ya seremala. Hata hivyo sishauri tuite kwa jina hilo, kwa kuwa ulimbo una maana ya mtego, tena ulimbo huenda wala haurudi, ilhali gundi hii sharti irudi. Yaelekea kuwa bora kusema gundi ya mnato kwa ile inayobaki laini maisha yake yote, na gundi ya kuganda kwa ile inayokuwa ngumu. Kisha tuseme kuambata kwa jinsi gundi inavyoushika uso wa kitu kingine, na kushikamana kwa jinsi nyuzi za gundi zinavyoshikana zenyewe kwa zenyewe. Utando ukitoka kwenye kioo ukiwa mzima, kuambata ndiko kulikoshindwa. Ukichanika katikati, nusu ikabaki huku na nusu kule, kushikamana ndiko kulikoshindwa. Ni magonjwa mawili, na dawa zake ni mbili.

Mtu asidhani ya kuwa haya ni mashindano ya wenye kamusi. Katika miji yetu mafundi wa simu ni wengi, na kubadili kiwambo kilichopasuka ni kazi yao ya kila siku. Wengi wao wamejifunza kwa kutazama na kwa kuambiwa, na huambiwa kwa Kiswahili. Fundi aliyeambiwa tu kwamba hapa hutiwa gundi, akatia ile ya kuganda, atakuwa ameunganisha kwa nguvu kuliko kiwanda chenyewe. Na kiwambo kitapasuka mara ya kwanza kitakapokunjwa, kwa hesabu ile ile ya 10 na 1 tuliyoieleza. Fundi aliyeambiwa kwamba hapa hutakiwa gundi ya mnato, iambate wala isigande, amekwisha kupewa nusu ya elimu ya kazi yake katika maneno machache. Lugha yetu haikukosa maneno ya jambo hili. Lililobaki ni sisi kuyatenga vyema, na kuyaandika katika vitabu ambavyo fundi huyo ataweza kuvifikia.